Krisanthemamu Barazani, Mwasumini Uani

Krisanthemamu ya chungu ina tabia inayowaudhi wenye bustani wa Unguja. Hufika kwa boti kutoka Dar es Salaam ikiwa imejaa maua ya manjano au ya zambarau, mviringo safi usio na tawi lililochomoza, na kwa wiki tatu au nne huipamba baraza ya nyumba ya Vuga au Kiponda kuliko kitu kingine chochote. Kisha maua hukauka. Mwenyewe huyakata kama alivyoelekezwa, humwagilia, hutia samadi, halafu hungoja. Kinachokuja ni vijiti virefu vilivyolegea, au vitumba vinavyokaa mwezi mzima bila kufunguka, au vimaua vilivyopauka juu ya mmea usiozidi shubiri moja. Hapo ndipo maneno huanza. Wapo wanaosema ni hewa ya chumvi, wapo wanaosema ni jicho la jirani.

Hewa ya chumvi ina sehemu yake, na jirani hana kosa. Tatizo lenyewe limo ndani ya mmea, katika namna unavyohesabu usiku.

Mwaka 1920 watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya tumbaku na soya. Walionyesha kwamba mimea mingi hupanga wakati wa kutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana na usiku. Baadaye ilibainika kwamba mmea hupima hasa urefu wa giza. Krisanthemamu ni katika mimea inayotaka usiku mrefu: mchana ukizidi saa 14 na nusu hivi, huendelea kuota shina na majani tu, mchana ukipungua chini ya hapo, huanza kufunga matumba. China na Japani, ambako ua hili limepandwa kwa karne nyingi, utaratibu huo una maana yake. Miezi ya jua kali siku ni ndefu, mmea hujenga mwili; siku zikianza kufupika kuelekea Oktoba, maua hutoka.

Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mchana wake mrefu kuliko yote, mwezi wa Desemba, hauzidi saa 12 na dakika 30. Mfupi kuliko yote, mwezi wa Juni, ni saa 11 na dakika 45 hivi. Tofauti haifiki hata saa moja. Kwa krisanthemamu, kila usiku wa Unguja ni usiku wa kutoa maua, na kipandikizi kilichotia mizizi juzi hupata amri ya kuzaa kabla hakijapata mwili wa kuzalia.

Wakulima wa nyanda za juu wana ikweta hiyohiyo, ila wamepata dawa yake. Katika mashamba ya Kenya, ya Arusha na ya Uganda karibu na Ziwa Victoria, ambayo huzalisha vipandikizi vya krisanthemamu kwa ajili ya Uholanzi na soko la Ulaya, taa huning'inizwa juu ya vitalu na kuwashwa katikati ya usiku. Giza likikatwa hivyo, mmea huhesabu usiku mfupi mara mbili badala ya mmoja mrefu, na huendelea kuota. Mkulima akitaka maua, anazima taa.

Hili linaeleza pia kisa cha upande wa pili, cha mwenye chungu kilichonawiri majani, kijani kibichi kabisa, miezi nenda miezi rudi, bila tumba hata moja. Mara nyingi chungu hicho huwa kimewekwa kwenye roshani chini ya taa inayowaka mpaka alfajiri, au mkabala na taa ya njia. Mmea haukuambiwa kuwa usiku umeingia. Kukisogeza chungu upande wa giza, bila kuongeza samadi wala dawa, kunatosha.

Jambo la pili ni joto. Krisanthemamu hufunga na kufungua matumba vizuri zaidi usiku ukiwa na nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Mjini Unguja mwezi wa Februari na Machi, kaskazi ikielekea ukingoni, alfajiri nyingi hupambazuka na nyuzi 25, na kuta za mawe zilizoshiba jua mchana kutwa huendelea kutema joto usiku. Tumba huanza, halafu husita. Likifunguka, rangi imekwisha kufifia: waridi inaelekea weupe, shaba inaelekea manjano. Na liko jambo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji. Ule mviringo safi wa mmea wa chunguni mara nyingi hutokana na dawa ya kudumaza shina iliyonyunyizwa kitaluni. Dawa ikiisha nguvu, mmea hurudia umbo lake la asili na kurefuka. Mwenye nyumba huona mmea umeharibika, kumbe ndiyo kwanza umekuwa wenyewe.

Kwa hiyo krisanthemamu inaweza kulelewa Unguja, lakini kwa mahesabu. Vipandikizi vya ncha, urefu wa sentimita 6 hivi na bila tumba, hukatwa Aprili na kuchomekwa katika mchanga usio wa pwani uliochanganywa na mboji, mahali penye kivuli na pasipopigwa na mvua ya masika moja kwa moja. Baada ya siku 10 hadi 14 huwa vimetia mizizi. Tangu hapo huwashiwa taa kila usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 8, balbu ikiwa imening'inia mita moja juu yake. Mmea ukifikisha majani sita hivi hukatwa ncha ili utoe matawi, na matawi yakifika sentimita 20, katikati ya Juni, taa huzimwa kabisa. Aina nyingi huchukua wiki 8 hadi 10 kutoka hapo mpaka maua kufunguka, maana yake Agosti, wakati kusi imepoza mji na alfajiri inateremka karibu ya nyuzi 22. Si baridi ya Arusha, lakini ndiyo baridi iliyopo. Maji hutiwa kwenye udongo, si juu ya majani, kwa kuwa majani ya krisanthemamu yakilala na maji hushikwa haraka na kutu na madoa ya ukungu. Jua la asubuhi linaifaa. La saa 7 mchana, likirudishwa na ukuta mweupe, linaiunguza.

Kwa vyungu viwili vitatu hii ni burudani nzuri. Kwa bustani nzima ni kujitafutia bili ya umeme. Isitoshe, kisiwa hiki kimewahi kukaa bila umeme wa kutoka Bara kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Katika miezi ile, yeyote aliyekuwa na krisanthemamu barazani bila shaka alipata maua.

Ndugu yake wa karibu, pareto, hata jaribio hilo halifai. Pareto hutaka baridi ya milimani ili ifunge matumba, ndiyo maana nchini Tanzania inalimwa Iringa, Mbeya na maeneo ya jirani, na kiwanda cha kuisindika kiko Mafinga. Unguja hulijua ua hilo kwa kazi yake. Sumu yake dhidi ya wadudu ndiyo iliyokuwa ndani ya dawa za mbu za kuwasha zilipoanza kutengenezwa Japani mwishoni mwa karne ya 19, ingawa nyingi za leo hutumia sumu za maabara zilizoigwa kutokana nayo.

Wakati krisanthemamu inawashiwa taa, uani mwa nyumba hiyohiyo mara nyingi pana kichaka ambacho hakijaangaliwa tangu mwaka jana, na bado kinatoa maua. Huo ni mwasumini, ambao wataalamu huuita Jasminum sambac. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, na umesambaa kila mahali Bahari ya Hindi ilikofanya biashara na mbali zaidi. Ufilipino iliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia iliutangaza miongoni mwa maua yake ya taifa mwaka 1990. Unguja haikuhitaji tangazo. Asumini iko kwenye koja la bi harusi, kwenye kikuba kinachochomekwa kwenye nywele au kifuani, na juu ya shuka la kitanda cha fungate.

Inashangaza kidogo kwamba historia iliyoandikwa ya bustani za mji huu inahusu zaidi miti ya wakubwa. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Unguja mwaka 1866 na kuwa balozi wa Uingereza, alijaribisha mimea mingi ya kigeni katika shamba lake la Mbweni, na baadhi ya miti yake ilihamishiwa bustani ya Victoria, pale Vuga. Forodhani ilitengenezwa kuwa bustani mwaka 1936, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2009. R. O. Williams alichapisha mwaka 1949 kitabu kizima kuhusu mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Lakini mwasumini haukungoja bustani ya umma. Ulikaa uani, kando ya kisima, chini ya mkono wa wanawake, na maarifa yake yakapita kwa mdomo kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu.

Baadhi ya maarifa hayo yanastahili kuongezewa jambo moja, nalo ni udongo. Wakulima wa Unguja wana majina yao ya kugawa ardhi, nayo yanatosha kwa kazi ya bustani. Kinongo ni udongo mwekundu wenye kina, unaopatikana sana upande wa mashamba ya karafuu. Mchanga unajieleza. Kinamo ni mfinyanzi mzito unaoshika maji. Uwanda ni ardhi ya mawe ya matumbawe iliyotanda mashariki na kusini, kuanzia Makunduchi na Jambiani kwenda juu, ambako jembe hugonga jiwe kabla halijazama. Mwasumini unakipenda kinongo. Katika mchanga utaishi ukilishwa mboji. Katika kinamo kisichotoa maji mizizi huoza masika. Katika uwanda, na ndani ya Mji Mkongwe vilevile, adui ni chokaa.

Watu wa mjini hulisahau hili kwa kuwa hawaoni mawe ya uwanda. Lakini nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe hayohayo ya matumbawe, zikashikwa kwa udongo na chokaa na kupigwa lipu ya chokaa. Kila mvua inaporamba ukuta, kila lipu inapomomonyoka, ua hupata chokaa zaidi. Udongo wa namna hiyo huwa na madini ya chuma, ila mizizi haiwezi kuyafyonza. Dalili yake huonekana kwa macho matupu kwenye majani machanga, yale ya ncha: jani linakuwa manjano, hata karibu na weupe, huku mishipa yake ikibaki kijani, mtandao mzima umechorwa wazi. Majani ya zamani chini yake bado ni mazima. Mwenye bustani akiona hivyo hudhani mmea una kiu au njaa, akaongeza maji, kisha akatia majivu ya jikoni. Majivu nayo yana tabia ya chokaa. Mwezi unaofuata njano imezidi.

Tiba yake ni kuuhamisha mwasumini kutoka kwenye ule udongo wa ukutani. Chungu au ndoo kubwa ya rangi iliyotobolewa chini, yenye upana wa sentimita 35 au 40, hujazwa kinongo sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, na mchanga kidogo wa kupitisha maji. Asiyeweza kuhamisha achimbe shimo la sentimita 45 kila upande, atoe kifusi chote, na ajaze mchanganyiko huohuo, akijua kwamba chokaa itarudi polepole na mboji itahitaji kuongezwa kila mwaka. Mbolea ya chuma inayouzwa katika maduka ya pembejeo hurudisha kijani kwa muda, na ni vizuri inunuliwe ile iliyoandikwa kuwa inafaa kwa udongo wa chokaa, maana nyingine hufungwa na chokaa siku ileile inapotiwa. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi kidogo, isiyosikika sana mdomoni, lakini ukingo wa jani huisikia: hugeuka kahawia na kukauka.

Wakazi wa pwani ya mashariki wana rasilimali ya ziada. Mwani umelimwa huko kibiashara tangu mwisho wa miaka ya 1980, na ule unaokatika na kusukumwa ufukweni ni mbolea nzuri ya kufunika shina, mradi usuuzwe kwanza kwa maji ya mvua au uachwe upigwe na masika mpaka chumvi iishe. Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza vizuri haina masharti. Ya kuku ni kali. Ikitiwa mbichi huunguza mizizi, na hata ikiiva hutaka mkono mwepesi, kwani ikizidi huleta majani mengi na maua machache.

Mwasumini kwa kawaida hauzai mbegu Unguja, na hakuna anayezihitaji. Tawi lililokomaa nusu, ambalo si laini wala halijawa mti, hukatwa kipande cha vifundo vitatu au vinne, majani ya chini yakaondolewa, na vifundo viwili vikazikwa katika mchanga wenye unyevu kivulini. Mwanzo wa masika ndio wakati wake. Njia ya bibi ni rahisi zaidi: tawi la chini hulazwa ardhini, likakwaruzwa kidogo upande wa tumboni, likafunikwa udongo na kuwekewa jiwe. Baada ya miezi miwili au mitatu lina mizizi yake, na hukatwa kutoka kwa mama na kupelekwa kwa shoga au binti aliyeolewa. Ndivyo kichaka kimoja cha Malindi kinavyoweza kuwa na watoto Bububu, Jang'ombe na Chukwani bila senti kutoka mfukoni.

Mmea huu hauna ushindani na usiku. Mwasumini hauhesabu giza kama krisanthemamu. Hutaka joto na jua. Saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku zinatosha. Katika ua mwembamba wa Mji Mkongwe, uliozungukwa na ghorofa tatu, saa hizo hazipatikani chini, na hapo ndipo pengine mwasumini hubaki majani matupu. Ukipandishwa chungu juu ya sakafu ya paa, ambako nguo huanikwa, hubadilika ndani ya miezi miwili. Ukutani upande wa bahari haufai: upepo wa kusi huleta chumvi na kukausha ncha.

Kisha kisu. Maua ya mwasumini hutoka kwenye machipukizi mapya tu. Tawi lililokwisha kutoa maua na kuachwa hurefuka, hujizungusha kwenye tawi jingine, na maua hupungua mpaka yanabaki machache kileleni ambako mkono haufiki. Vichaka vingi vya Unguja viko katika hali hiyo, na sababu yake ni huruma: watu huona haya kukata mmea wenye uhai. Wakulima wa kusini mwa India, ambako asumini ni zao kamili la biashara na asumini ya Madurai ilipewa mwaka 2013 ulinzi wa kisheria wa jina la mahali inapotoka, hawana huruma hiyo. Mara moja kwa mwaka huufyeka mmea mzima mpaka unabaki chini kidogo ya nusu mita kutoka ardhini.

Unguja ufyekaji huo hufaa mwisho wa kusi, Septemba, kabla ya mvua za vuli. Maji hupunguzwa kwa wiki mbili kabla ya hapo ili mmea upumzike. Matawi yaliyokufa, membamba na yaliyogeukia ndani hutolewa kabisa. Yaliyobaki hukatwa juu kidogo ya kifundo, kwa mkasi uliopitishwa motoni. Samadi hutiwa, maji hurudishwa, na mvua ya Oktoba hukuta mmea tayari. Zaidi ya hapo, mwaka mzima, kila baada ya msimu mmoja wa maua kwisha, ncha hupunguzwa kwa vifundo viwili vitatu. Mkato huu mwepesi huleta maua mengine baada ya wiki sita hadi nane. Ule wa kufyeka huchukua karibu miezi mitatu.

Asumini huchumwa ikiwa bado haijafunguka. Kuanzia alasiri, macho yaliyozoea hulitambua tumba la leo miongoni mwa yale ya kesho: limevimba, limekuwa jeupe pe, ukijani wa chini umeondoka, na likishikwa kwa vidole viwili hutoka kwa mvuto mdogo tu. La kesho linang'ang'ania. Matumba huwekwa kwenye sahani yenye kitambaa kibichi, sindano ikapitishwa kwenye shingo ya ua, moja baada ya jingine, mpaka uzi ujae. Kwa wakati ule koja halinukii sana. Jua likizama, kati ya magharibi na isha, maua hufunguka yakiwa uzini, na harufu inajaa chumba. Asubuhi ya pili yanageuka urujuani na kuanguka. Ndiyo maana muuza makoja hupita jioni, na ndiyo maana mnunuzi anayejua hununua yaliyofumba.

— Shikamoo bi mkubwa. Mbona haya hayajafunguka?
— Marahaba mwanangu. Yaliyofunguka sasa hivi utayavaa wapi?

Kwa kuwa maua haya hukaa kwenye nywele, kifuani na juu ya mto, suala la dawa za wadudu linataka uangalifu kuliko kwenye mchicha. Mchicha huoshwa, asumini haioshwi. Utitiri mwekundu hushambulia wakati wa kaskazi kavu, jani likawa na vidoa vya fedha na utando mwembamba chini yake. Maji yanayorushwa kwa nguvu upande wa chini wa jani, asubuhi tatu mfululizo, hupunguza wengi. Vidugamba na wale wadudu weupe wenye unga hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kokwa za mwarobaini zilizopondwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutoa dawa ya kunyunyiza inayotosha, nayo hutumiwa mara baada ya kuchuma, maua ya siku hiyo yakiwa yamekwisha toka.

Majimoto, wale sisimizi wa mitini, wana kesi ya pekee. Kwenye minazi ni walinzi: katika miaka ya 1950 M. J. Way aliwachunguza hapa Zanzibar kwa sababu humfukuza kunguni anayedondosha nazi changa, na kunguni mwenyewe akapewa jina la kitaalamu linalomkumbuka mtafiti huyo, Pseudotheraptus wayi. Kwenye mwasumini mambo yamegeuka. Majimoto huwalinda vidugamba ili wanywe utamu wao, na humuuma anayechuma. Kiota kikionekana kichakani, hukatwa na jani lake alfajiri, wakati wa baridi, na kupelekwa mnazini, ambako wana kazi ya maana.

Wenzake wa mwasumini katika kikuba hawana taabu nyingi. Mrehani hupandwa kwa mbegu na hutaka kukatwa vichwa mara tu ukitoa maua, la sivyo hukomaa na kufa. Mlangilangi, ambao Komoro husafirisha mafuta yake kwa viwanda vya manukato duniani, ni mti mrefu. Huko hukatwa kileleni na matawi yake kuinamishwa ili mchumaji asipande, na hivyohivyo ndivyo ufanywe katika shamba la Dole au Kizimbani. Uani mwa mjini hauna nafasi. Mkilua ni mwenyeji kamili wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, jamaa ya mstafeli, na Bernard Verdcourt wa Kew alipoutambulisha rasmi mwaka 1970 alilichukua jina lake la Kiswahili kama lilivyo: Mkilua fragrans. Hutaka kivuli chepesi na unyevu, hukua polepole mno, na kwa bustani yenye mti mkubwa mmoja ndio unaofaa kukaa chini yake.

Linabaki suala la tarehe. Harusi nyingi za Unguja hujazana Shaaban, kabla ya Ramadhani, na tena baada ya Idi, na miezi hiyo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Ramadhani ya 2026 iko Februari na Machi; mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa miaka hii michache, kwa hiyo, Shaaban inaangukia wakati wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna, na mwasumini uliofyekwa Septemba utafika huko una matawi mapya lakini kiu tele. Utataka ndoo ya maji kila jioni ya pili kuanzia Desemba, na mkato mwepesi wiki saba kabla ya siku ya harusi. Mwenye vichaka viwili hukata cha kwanza wiki nane kabla na cha pili wiki sita kabla, ili tarehe ikisogezwa, maana husogezwa, kimoja kiwe bado na matumba.